Kunukuu Madaftari ya Ndoa ya Zamani: Kilichoandikwa na Kinachodhaniwa

Nakili, nakala na nukuu ni maneno ya ukoo mmoja. Yote yana asili katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali pamoja hadi pengine, na Kiswahili kimeyagawia kazi tofauti. Anayenakili hutoa mfano wa kitu kizima kama kilivyo. Akiwa na kamera au mashine ya fotokopi, hahitaji hata kujua kusoma. Anayenukuu huyachukua maneno yenyewe na kuyaandika upya, herufi kwa herufi, na hawezi kufanya hivyo bila kuyasoma kwanza. Nakala ya ukurasa wa daftari la ndoa la mwaka 1910 hupatikana kwa dakika moja. Unukuzi wa ukurasa huo huo unaweza kuchukua siku nzima, na bado likabaki neno moja lisilosomeka.

Watu wanaotafuta nasaba za familia zao katika pwani ya Afrika Mashariki mara nyingi hupewa kitu cha tatu kinachoitwa unukuzi, ambacho kwa hakika ni fasiri: mtu amesoma, ameelewa kwa namna yake, kisha ameandika alichokielewa. Mwenye familia asiyeweza kuisoma hati ya asili hana njia ya kujua ni wapi karani wa zamani alinyamaza na msomaji wa leo akaanza kusema. Katika kumbukumbu za ndoa, mahali hapo ndipo baba anapogeuka mume, jina linapogeuka hadhi, na mtu huru anapogeuka mtumwa.

Kwanza yafaa kujua madaftari hayo ni yapi. Ndoa ya Kiislamu husihi kwa ijabu na kabuli mbele ya mashahidi; maandishi si nguzo yake. Kwa sababu hiyo ndoa nyingi za pwani zilifungwa, zikazaa watoto na wajukuu, bila kuacha mstari mmoja wa wino. Katika Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu ilitungwa mwaka 1906. Kabla ya hapo, kuandika au kutoandika kulitegemea zaidi desturi ya kadhi na karani wake. Zanzibar ilikuwa na makadhi wa Kisunni na makadhi wa Kiibadhi, na lugha ya hati ingeweza kuwa Kiarabu, Kiswahili kwa hati za Kiarabu, au mchanganyiko ambao mwandishi hakuona haja ya kuutenganisha: kanuni za mwanzo na mwisho kwa Kiarabu, majina ya mitaa na vitu vya nyumbani kwa Kiswahili. Misheni nazo zilikuwa na vitabu vyao. Wakatoliki waliweka kituo Bagamoyo mwaka 1868, na Waanglikana wakaanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Freretown, karibu na Mombasa, mwaka 1875. Maelezo haya yatakaa zaidi na hati za Kiarabu, kwa kuwa huko ndiko mnukuzi anakopata taabu kubwa zaidi na msaada mdogo zaidi.

Hati na sauti

Kiarabu kina irabu tatu za msingi, Kiswahili kina tano. Kasra moja husimamia i na e. Dhuma moja husimamia u na o. Hayo ni kwa mwandishi aliyetia irabu. Karani wa ofisi ya kadhi, mwenye ndoa kadhaa za kuandika kabla ya adhuhuri, mara nyingi hakuzitia kabisa. Konsonanti nazo hazitoshi. Kiarabu hakina p, v, ch wala g ya Kiswahili, kwa hiyo herufi jirani zilibebeshwa mizigo miwili au mitatu. Be iliweza kuwa b, p au mb. Fe iliweza kuwa f au v. Ghaini iliweza kuwa gh, g au ng. Nazali iliyotangulia konsonanti iliachwa mara nyingi, kwa sababu msomaji aliyekusudiwa aliijua lugha na angeitamka mwenyewe. Miongoni mwa wanazuoni waliopendekeza alama za ziada ili kila sauti ya Kiswahili ipate herufi yake alikuwemo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya aliyefariki mwaka 1947. Mnukuzi asitarajie alama za namna hiyo katika daftari la miaka ya 1890.

Chukua neno lenye kafu, wau na be. Laweza kusomwa Kombo, Kobo, Kopo au Kumbu. Mtu aliyezoea majina ya Pemba ataandika Kombo bila kusita, na pengine mara tisa katika kumi atakuwa sahihi. Ile mara ya kumi ndiyo inayostahili kufikiriwa, kwa sababu msomaji huyu hakusoma neno, amelikumbuka. Mazoea ni msaada usio na mbadala katika kazi hii, lakini hayana budi kuonekana. Anayeandika «Kombo» pekee amemnyima msomaji wake habari kwamba nazali na irabu ni mchango wa karne hii.

Majina ya kiume yenye mzizi mmoja huleta tatizo la aina nyingine. حمد ni Hamad au Hamed; حميد ni Hamid au Humeid; حمود ni Hamud au Humud. Katika familia moja panaweza kuwa na Hamad, Ahmed na Muhammad, ndugu watatu wa baba mmoja, na kalamu iliyoteleza kidogo tu mwanzoni mwa neno imetosha kumpa mmoja mke wa mwenzake. Hapa unukuzi wa kurahisisha, ule unaowafanya wote kuwa «Mohamed» ili orodha ipendeze katika kompyuta, huharibu kisichoweza kutengenezwa tena.

Kisha yako madoa, au nukta kama wengine wanavyoziita. بن na بنت, yaani bin na binti, hutofautiana kwa te moja na nukta zake mbili, ambazo katika mwandiko wa haraka hukunjwa kuwa kistari kifupi, na kistari hicho hupauka kabla ya herufi zenyewe. Salimu na Salima hutofautishwa na herufi ya mwisho ambayo mara nyingi ni mkunjo tu wa kalamu. Ndiyo maana jinsia ya mtu katika hati hizi haithibitishwi kwa jina peke yake. Huthibitishwa kwa kitenzi, kwa nafasi yake katika tendo la ndoa, na kwa maneno yanayomrejelea baadaye katika hati hiyo hiyo.

Nani ameoa, nani ameoza

Kiswahili kina jamii iliyopangika vizuri ya vitenzi vya ndoa. Mume huoa, mke huolewa, walii huoza, bibi harusi huozwa, na kadhi au naibu wake hufungisha. (Kwamba -oza hiyo ina sauti moja na -oza ya embe lililoharibika ni ajali ya lugha ambayo imewachekesha wanafunzi wa sarufi kwa vizazi vingi.) Mwanafunzi anayenukuu hati ya Kiswahili hana budi kuangalia kama karani ameandika «amemuoa» au «amemuoza», kwa sababu tofauti yake ni ze moja, na nukta ya ze ikifutika hubaki re isiyo na maana yoyote hapo.

Katika Kiarabu hatari ni kubwa zaidi. زوّج ni «ameoza», kitenzi cha walii. تزوّج ni «ameoa», kitenzi cha mume. Te ya mwanzo ndiyo pekee inayomtenganisha mkwe na mkwewe. Mnukuzi asiyeiona atamtoa baba wa bibi harusi katika nafasi yake na kumfanya bwana harusi, na mwenye familia, akiwa na jina la mume lisilomo katika masimulizi ya nyumbani, ataanza kutafuta ndoa ya kwanza ya bibi yake ambayo haikuwahi kuwapo. Kinga ni kusoma hati nzima kabla ya kuandika neno la kwanza. Mwenye kutoa mahari ni mume. Mwenye kutajwa kwa ubaba, ukaka, uami au uwakala ni upande wa walii. Watu hawa wakishapangwa katika nafasi zao, te iliyofifia hupata mahali pake.

Jina au hadhi

Sehemu hii ndiyo nzito, na ndiyo inayopitwa haraka kuliko zote katika miongozo.

Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Zanzibar kwa amri ya mwaka 1897, lakini masuria hawakuingizwa katika amri hiyo hadi mwaka 1909. Kenya ilifuata mwaka 1907, na Tanganyika, chini ya Waingereza, mwaka 1922. Sheria ilibadilika kwa tarehe, maneno yalikaa. Karani aliyezoea kumtambulisha mtu kwa jina la bwana wake hakuiacha desturi hiyo kwa sababu ya tangazo la serikali, na katika hati za miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini mnukuzi hukutana na maneno ambayo hayana uhakika kama yanasema mtu anaitwaje au mtu ni nani.

Neno la kwanza ni Mtumwa. Hadi leo ni jina la kawaida Unguja na Pemba, la wanaume na la wanawake, na mwenye kuitwa hivyo anaweza kuwa wa ukoo wowote. «Mtumwa binti Haji» ni mwanamke aitwaye Mtumwa, baba yake Haji. «Mtumwa wa Haji» ni habari nyingine kabisa. Kinachotenganisha ni kiunganishi, na kiunganishi katika mwandiko wa haraka ni wau na alifu ambazo zinaweza kubanwa hadi zikafanana na mkwaruzo wa kalamu.

La pili ni Atiki. Kama jina, ni zuri na la heshima. Kama sifa, عتيق ni aliyeachwa huru, na likifuatwa na jina la mtu lamtaja aliyemwacha.

La tatu ni hadimu, na hapa hata mnukuzi hodari hujikwaa. خادم kwa Kiarabu ni mtumishi. Katika hati za pwani neno hilo, likifuatwa na jina la mtu, liliweza kumtaja mtumwa au aliyekuwa mtumwa wa mtu huyo. Lakini Wahadimu ni wenyeji wa kusini na mashariki mwa Unguja, waliokuwa na mtawala wao, Mwinyi Mkuu, na hawakuwa watumwa wa mtu. Neno lililo mwishoni mwa jina, bila ya jina jingine baada yake, laweza kuwa nisba ya wenyeji hao. Lililo katikati ya majina mawili laweza kuwa hadhi. Mnukuzi anayeandika «mtumwa wa» mahali palipoandikwa خادم amefunga mlango ambao karani aliuacha wazi. Na anayeandika «Mhadimu» kwa kutaka kumstahi mtu ameufunga vile vile, kwa upande wa pili.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo haya. Tuseme bwana harusi ameandikwa جمعه عبد سعيد. Maneno ni matatu. Majina ya pwani yaliandikwa, na yanaandikwa hadi leo, bila ya bin kati yake, kwa hiyo mtu huyu anaweza kuwa Juma mwana wa Abdi mwana wa Saidi: vizazi vitatu vya watu huru. Lakini عبد ni pia neno la Kiarabu la mtumwa, na kusoma «Juma, mtumwa wa Saidi» hakuhitaji kubadilisha hata nukta moja. Katika usomaji wa kwanza Saidi ni babu. Katika wa pili Saidi ni bwana, na baba wa Juma hakutajwa. Mwenye familia aliyepewa usomaji mmoja bila ya kuambiwa kwamba upo wa pili atajenga mti mzima wa ukoo juu ya tawi ambalo huenda ni la mtu mwingine.

Dalili za kuchagua zipo, ila haziko ndani ya neno lenyewe. Katika sheria ya Kiislamu mtumwa huoa kwa idhini ya bwana wake; hati ikitaja idhini ya Saidi, mizani imeelemea upande mmoja. Kwa upande wa mwanamke, safu ya walii husema mengi. Walii wa kwanza ni baba, kisha jamaa wa kiume wa upande wa baba. Mwanamke aliyeachwa huru, asiye na jamaa, huweza kuozwa na aliyemwacha huru au jamaa zake, na asiyekuwa na yeyote huozwa na hakimu, yaani kadhi. Kwa hiyo walii asiye na undugu ulioelezwa ni swali la kuandikwa pembeni, na walii kadhi si lazima awe ushahidi wa utumwa: huenda ni msichana wa Kingazija au wa Kihadhrami ambaye jamaa zake wote wako ng'ambo ya bahari.

Jina la baba nalo lina mtego wake. Katika nchi nyingi za Kiislamu ilikuwa desturi kumwandika mtu aliyesilimu, ambaye baba yake hakuwa Mwislamu au hakujulikana, kuwa mwana wa Abdalla, kwa maana ya mja wa Mungu. «Binti Abdalla» huweza kuwa binti wa bwana aitwaye Abdalla, na pia huweza kuwa ukimya uliovaa vazi la jina. Asiyelijua hilo atatumia miaka kumtafuta Abdalla.

Suria, kwa upande wake, hatafutwi katika daftari la ndoa. Hakuolewa, kwa hiyo hakuandikwa. Na mwanawe aliyetambuliwa na baba alizaliwa huru, akachukua nasaba ya baba na kurithi pamoja na watoto wa wake wa ndoa. Mjukuu anayeambiwa kwamba bibi yake «hana cheti» husikia aibu ambayo sheria ya wakati ule haikuiweka. Ni wajibu wa mnukuzi kueleza kwamba kutokuwapo kwa mstari huo si sawa na kufutwa kwake.

Kwamba haya yote si mchezo wa wasomi huonekana katika wakfu. Matajiri wa Zanzibar walikuwa na desturi ya kuweka wakfu nyumba au shamba kwa ajili ya watumwa waliowaacha huru na vizazi vyao. Katika hati ya namna hiyo, kuwa kizazi cha atiki wa fulani ndiko kulikompa mtu haki ya kukaa. Neno ambalo mzee mmoja angetaka lifichwe ndilo ambalo jirani yake angelihitaji lisomeke.

Hivyo basi, kulainisha maneno si kazi ya mnukuzi. Mtumwa haandikwi «mtumishi», mjakazi haandikwi «msaidizi wa nyumbani», na mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa pwani, haandikwi «mzaliwa», ingawa kompyuta itapigia mstari mwekundu neno la kwanza na kupendekeza la pili. Maneno kama mjoli, mtumwa mwenza wa bwana mmoja, yamepauka kiasi kwamba wanafunzi wengi huyadhania kuwa makosa ya tahajia. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, ya Johnson ya mwaka 1939, na ile ya Sacleux ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka mwaka huo huo wa 1939, ziwe karibu na meza; kamusi za shule za leo hazikutungwa kwa kazi hii. Familia ikitaka toleo la kusomwa mbele ya wageni, na itengenezewe toleo hilo, lipewe jina jingine, lisiitwe unukuzi.

Nisba za mwisho wa jina zinahitaji tahadhari hiyo hiyo. Sensa za Zanzibar za mwaka 1924 na 1931 zinaonyesha idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ikishuka sana, huku watu wakijitambulisha kwa majina mengine, Washirazi na Waarabu miongoni mwao. Mtu aliyeoa mara mbili katika kipindi hicho angeweza kuwa na nisba mbili bila ya kudanganya popote. Zinukuliwe zote mbili, kila moja mahali pake.

Mahari na tarehe

Fedha ya mahari huandikwa kwa jina la sarafu lililomo katika hati. Riale ibaki riale na rupia ibaki rupia. Zanzibar iliendelea na rupia hadi mwaka 1936, na kuibadilisha rupia ya mwaka 1908 kuwa shilingi za leo hakumsaidii mtu yeyote. Lililo muhimu zaidi ni jozi moja ya maneno. معجّل, lenye aini, ni mahari inayotolewa mara moja. مؤجّل, lenye hamza, ni mahari iliyoahirishwa, iliyo deni juu ya mume. Kiswahili hakitofautishi aini na hamza katika tahajia, kwa hiyo maneno haya mawili yenye maana zinazopingana huishia kuandikwa «muajali» yote mawili. Mnukuzi aweke alama ya aini wazi, au aandike neno kwa herufi zake za asili na kufuatisha «taslimu» au «deni» katika maelezo. Mjane aliyedai mahari yake iliyobaki hakudai taslimu.

Tarehe ni za Hijria, na siku huanza kwa kuchwa jua. «Usiku wa Ijumaa» ni usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ofisi ungali Alhamisi. Hati za Kiswahili hutumia pia miezi ya mifunguo, inayohesabiwa tangu kufungua saumu: Mfunguo Mosi ni Shawali, Mfunguo Tatu ni Dhulhija. Mwaka wa Hijria, hata hivyo, huanza na Muharamu, ambao ni Mfunguo Nne. Matokeo yake ni kwamba katika mwaka mmoja Mfunguo Nne hutangulia Mfunguo Tatu kwa miezi kumi na moja. Mwaka wa 1318 ulianza mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei 1900. Ndoa ya Mfunguo Nne 1318 ilifungwa mwezi wa Mei mwaka huo, na ya Mfunguo Tatu 1318 ilifungwa Machi au Aprili 1901. Anayezipanga kwa namba za mifunguo atamfanya mtoto azaliwe kabla ya arusi ya wazazi wake, kisha atashangaa.

Hati za Kirumi

Vitabu vya misheni husomeka haraka zaidi, na kwa hiyo huvuta watu katika uzembe. Majina ya Kilatini hunyambulika: «filia Petri» ni binti wa Petrus, na mnukuzi aandike Petri kama lilivyo, kisha aeleze kwamba jina ni Petrus, asije akamwandika mtu aitwaye Petri katika mti wa ukoo. Amri ya Kanisa Katoliki iitwayo Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, iliagiza ndoa iandikwe pia katika kitabu cha ubatizo cha waliooana. Ndoa iliyopotea kwa kitabu kuliwa na mchwa mara nyingine hupatikana pambizoni mwa ubatizo wa miaka ishirini nyuma yake.

Tahajia hufuata lugha ya mwandishi. Mjerumani aliandika Bagamojo na Udschidschi, na Juma akawa Dschuma. Mfaransa alimwandika Djouma. Mwandiko wa Kijerumani wa wakati huo, uitwao Kurrent, una e inayofanana na n, na u inayotambulikana kwa kijialama juu yake. Asiyeujua asianze nao kwa majina ya watu. Aanze kwa majina ya miezi, ambayo anayajua tayari.

Namna ya kuonyesha

Utaratibu unaofaa ni wa matabaka matatu yasiyochanganywa. Tabaka la kwanza ni herufi za asili, au uhawilishaji wake kwa herufi za Kirumi bila ya kuongeza irabu isiyoandikwa, mstari kwa mstari, na makosa ya karani yakiwa mahali pake. La pili ni usomaji kwa tahajia ya leo, ambapo kila kilichoongezwa huwekwa ndani ya mabano ya mraba na kila kinachotiliwa shaka hufuatwa na alama ya kuuliza. La tatu ni maelezo. Bwana harusi wa mfano wetu ataonekana hivi:

جمعه عبد سعيد
Juma Abdi Saidi [= Juma (bin) Abdi (bin) Saidi; au: Juma, mtumwa wa Saidi]
Maelezo: hati haitaji idhini ya Saidi, walii wa mke ni ami yake, linganisha na shahidi wa pili katika ndoa ya ukurasa wa nyuma.

Mtu mvivu atalalamika kwamba jibu hili si jibu. Kwa kweli ndilo jibu pekee ambalo hati hii imetoa, na mstari wa tatu unamwambia mtafiti aende wapi kuomba jingine. Mashahidi ndio hazina inayosahaulika: katika daftari la mtaa mmoja watu wale wale hurudi, leo shahidi, kesho walii, mwaka ujao bwana harusi, na yule aliyeandikwa kwa kifupi ukurasa wa 12 huandikwa kwa urefu ukurasa wa 40.

Chini ya kila unukuzi kuwe na namba ya daftari, ukurasa na mstari, jina la aliyenukuu na tarehe. Usomaji ukibadilishwa, ule wa zamani haufutwi. Huwekewa tarehe yake na kuachwa chini ya mpya, kwa kuwa mtafiti anayefuata anaweza kuja na hati ya wakfu inayoonyesha kwamba Saidi alikuwa babu tangu mwanzo.